Maswali ya Wasomaji: Gesijoto na Chanzo cha Mabadiliko ya Tabianchi

Makala yetu fupi kuhusu ongezeko la joto duniani imetuletea maswali mengi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua manane, mengine tukayafupisha bila kugusa hoja ya mwandishi. Yaliyohusu nani alipe na nani asamehewe tumeyaweka kando kwa sasa, kwa kuwa ni vigumu kuyajadili vizuri kabla ya kujua gesi zenyewe hufanya nini.

Ndugu Mhariri, tangu nikiwa shuleni nimeambiwa kwamba dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na jua linapenya moja kwa moja. Katika makala yenu tundu hilo hamkulitaja hata mara moja. Mlisahau?

Hatukusahau, ndugu msomaji. Hayo ni mambo mawili tofauti ambayo yamechanganywa kwa muda mrefu kiasi kwamba hata baadhi ya vitabu vya kiada vimeyaunganisha. Ozoni ni gesi iliyo nyingi zaidi kwenye kimo cha kati ya kilomita 15 na 35 hivi, na kazi yake kubwa ni kuchuja mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho. Tabaka hilo liliharibiwa na kemikali zenye klorini zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia; wanasayansi wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa juu ya Antaktika mwaka 1985, na miaka miwili baadaye, mwaka 1987, mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal ya kuziondoa kemikali hizo sokoni. Tabaka linapona polepole. Kama tundu hilo ndilo lililokuwa chanzo cha joto, basi joto nalo lingekuwa limeanza kutulia, lakini linazidi kupanda.

Mkanganyiko huu hata hivyo una mzizi wake. Kemikali zilezile zilizoila ozoni ni gesijoto kali, na zile zilizochukua nafasi yake katika majokofu na viyoyozi haziidhuru ozoni lakini nazo hunasa joto, ndiyo maana mwaka 2016 itifaki hiyo iliongezewa kipengele mjini Kigali ili kuzipunguza. Kwa hiyo mtuhumiwa mmoja alionekana katika matukio mawili, watu wakadhani ni tukio moja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi huniuliza kama gesijoto ni sawa na kioo cha kitalu nyumba kinachofungia joto ndani. Mngelieleza vipi jambo hili kwa namna ambayo mtu anaweza kulihisi mwenyewe?

Mwalimu, anza na pasi. Ichomoe kwenye umeme ikiwa bado ya moto, isimamishe, kisha sogeza kiganja ubavuni mwake bila kugusa bati (ubavuni, si juu yake, usije ukadanganywa na hewa ya moto inayopanda). Hakuna mwanga unaoonekana, lakini kiganja kinapokea joto. Pasi inatoa mionzi iliyo ndugu wa mwanga, ila ni mionzi ambayo jicho letu halikuumbwa kuiona. Hapa tuiite mionzi ya joto. Kila kitu chenye joto huitoa: ukuta, mwili wa binadamu, bahari, na ardhi yote tunayoikanyaga, usiku na mchana bila kupumzika.

Jua hutuletea sehemu kubwa ya nishati yake kwa njia ya mwanga. Karibu asilimia 30 hurudishwa na mawingu, barafu na ardhi nyeupe. Iliyobaki humezwa na kuipasha dunia joto. Ili isizidi kupata joto bila kikomo, dunia haina budi kutoa nishati kiasi kilekile inachopokea, na kwa kuwa imezungukwa na utupu, njia pekee ya kuitoa ni mionzi ya joto. Hapa ndipo gesijoto zinapoingia. Mwanga wa jua huzipita karibu bila kizuizi, lakini mionzi ya joto inayopanda kutoka ardhini hunaswa na molekuli zake, kisha hutolewa tena kuelekea kila upande, na sehemu yake hurudi chini. Ardhi basi hupokea nishati kutoka pande mbili, kwenye jua na kwenye hewa iliyo juu yake. Wanafunzi wenyewe wamekwisha kulihisi jambo hili: usiku wa anga kavu lisilo na wingu huwa wa baridi kuliko usiku wa mawingu, kwa sababu mawingu na mvuke hurudisha chini sehemu ya joto ambalo lingekwenda zake.

Bila gesi hizi, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Wastani halisi ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo anayezilaani gesijoto kana kwamba ni sumu anakosea. Lawama ni ya kuziongeza. Mwezi, ambao umbali wake kutoka kwenye jua ni kama wetu lakini hauna angahewa ya maana, hupita nyuzi 100 mchana na kushuka zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri usiku. Sayari ya Zuhura nayo ina angahewa nzito ambayo zaidi ya asilimia 95 ni hewa ukaa, na uso wake una takriban nyuzi 460, joto linaloishinda hata Utaridi iliyo karibu zaidi na jua.

Ama kioo, jina ndilo linalotupotosha. Kitalu nyumba hupata joto hasa kwa sababu kuta na paa lake huzuia hewa ya moto isipande na kuondoka. Fungua tundu kubwa darini na joto litapungua upesi, ingawa kioo kingine chote kipo. Angahewa haina paa, na hewa yake hupanda na kushuka itakavyo. Kinachozuiwa ni mionzi. Tumelirithi jina hilo, nalo limezoeleka, lakini ni vizuri mwanafunzi ajue mapema kwamba mfano huo una kasoro.

Wanafunzi wangependa pia kujua kwamba elimu hii si ya juzi. Joseph Fourier wa Ufaransa alieleza mwaka 1824 kwamba angahewa inasaidia kuhifadhi joto la dunia. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo, akaianika juani, akaona ule wenye hewa ukaa ukipata joto zaidi na kuchelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, akiwa London, alipitisha mionzi ya joto ndani ya bomba lenye gesi mbalimbali na kuthibitisha zipi huimeza na zipi huiacha ipite.

Mnasema hewa ukaa imepita sehemu 420 katika kila sehemu milioni za hewa. Hiyo ni asilimia 0.04 tu! Kitu kidogo kiasi hicho kinawezaje kupasha joto dunia nzima? Kwa kweli siamini.

Shaka yako ni ya haki, na jibu lake ni zuri kuliko swali lenyewe. Kwanza tuulize ile asilimia 99 na ushee inafanya nini. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa kavu, oksijeni 21, na agoni karibu 1. Molekuli za naitrojeni na oksijeni ni za atomi mbili zinazofanana, na agoni ni atomi moja moja. Zote tatu haziwezi kutikisika kwa namna inayoiruhusu mionzi ya joto izishike. Kwa mionzi hiyo, gesi hizo ni kama hazipo. Molekuli ya hewa ukaa ina atomi tatu, hujikunja na kunyooka, na mtikisiko wake unalingana na sehemu mojawapo ya mionzi ambayo dunia huitoa kwa wingi. Kulinganisha hewa ukaa na hewa yote, kwa hiyo, ni kama kupima timu ya mpira kwa kuhesabu na watazamaji. Yafaa kuwahesabu wanaocheza.

Pili, tuache asilimia tupime kwa kilo. Juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi, tangu miguuni hadi mwisho wa angahewa, kuna hewa yenye uzito wa takriban tani 10. Ndani yake mna hewa ukaa ya kilo sita na nusu hivi. Kabla ya enzi ya viwanda, kiwango kilipokuwa sehemu 280 katika milioni, zilikuwa kama kilo nne na nusu. Tumeongeza kilo mbili juu ya kila mita ya mraba ya dunia, baharini na nchi kavu, na mionzi ya joto haina njia nyingine ya kutoka isipokuwa kupita humo.

Kuna pingamizi la kisomi zaidi ambalo hukulitaja, lakini nalileta kwa sababu liliwasumbua wataalamu kwa nusu karne. Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa mwaka 1896 kwamba kuongezeka maradufu kwa hewa ukaa kungepandisha joto la dunia kwa nyuzi kama tano au sita. Mwaka 1900 mwenzake wa nchi hiyohiyo, Knut Ångström, alijibu kwamba hewa ukaa iliyopo tayari imekwisha kuimeza mionzi yote iwezayo kuimeza, hivyo kuongeza nyingine ni kupaka rangi nyeusi juu ya ukuta mweusi. Hoja hiyo inavutia, lakini inaichukulia angahewa kama shuka moja, ilhali ni matabaka mengi. Kinachoamua joto tunalopoteza ni tabaka la juu ambako mionzi hatimaye hupata nafasi ya kutoroka. Ukiongeza gesi, mahali pa kutorokea husogea juu zaidi, ambako hewa ni baridi zaidi; na kitu baridi hutoa mionzi michache. Dunia basi hutoa kidogo kuliko inavyopokea, na lazima ipate joto hadi mizani irudi sawa. Makadirio ya sasa, baada ya kazi ya zaidi ya karne, ni kwamba kuongezeka maradufu kwa hewa ukaa huleta takriban nyuzi 3, pengine 2.5, pengine 4. Arrhenius, aliyepiga hesabu zake kwa kalamu tu, alizidisha, lakini hakupotea njia.

Nimesoma kwamba mvuke wa maji hunasa joto zaidi ya hewa ukaa. Kwa nini basi lawama zote ni za hewa ukaa?

Ulichosoma ni kweli. Mvuke ndiyo gesijoto inayofanya kazi kubwa zaidi katika angahewa. Lakini mvuke hauna uamuzi wake: hukaa hewani siku kama kumi, kisha hurudi kuwa mvua au umande, na kiasi kinachoweza kubaki hewani huamuliwa na joto la hewa yenyewe. Kila nyuzi moja inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa ukaa haigeuki mvua. Huanza yenyewe kupandisha joto kidogo, mvuke ukafuata na kulizidisha.

Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe, kabla ya gari wala kiwanda. Kulikuwa na zama za barafu, kuna jua, kuna volkeno. Mna uhakika gani kwamba safari hii ni sisi?

Swali hili limekuja katika barua zaidi ya moja, na tunaliheshimu. Ni kweli kwamba tabianchi imebadilika mara nyingi. Lakini kila mara ilikuwa na sababu, na sababu zile zinaweza kuchunguzwa moja baada ya nyingine, kama mpelelezi anavyowahoji waliokuwapo.

Zama za barafu zilikuja na kwenda kwa kufuata mabadiliko madogo ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua na ya mlalo wa mhimili wake, mabadiliko yanayochukua makumi ya maelfu ya miaka. Kutoka katika zama za mwisho za barafu dunia ilipanda kwa nyuzi kama tano au zaidi kidogo, na ilichukua maelfu ya miaka. Sasa tumekwisha kupita nyuzi 1 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokea katika miaka hamsini ya karibuni. Mzunguko wa dunia hauwezi kwenda kwa haraka hiyo, na kwa ulivyo sasa ungeisukuma dunia polepole kwenye baridi, si kwenye joto.

Jua limekuwa likipimwa na setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu yake hupanda na kushuka kwa takriban sehemu moja katika elfu, katika mzunguko wa miaka kama 11, na katika kipindi chote hicho haikuonyesha kupanda kunakoweza kueleza joto hili. Upo pia ushahidi ambao binafsi nauona kuwa mzito kuliko wote. Jua likiongeza nguvu, angahewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Gesijoto zikiongezeka, tabaka la chini hupata joto na tabaka la juu, lile la kimo cha ozoni na kupita hapo, hupoa. Vipimo vinaonyesha chini kunapanda joto na juu kunapoa, na hata tukitenga sehemu ya kupoa iliyosababishwa na kupungua kwa ozoni, alama ya hewa ukaa inabaki.

Volkeno zote kwa jumla hutoa hewa ukaa isiyofika asilimia 1 ya ile ya shughuli za binadamu. Mlipuko mkubwa kwa kweli huipoza dunia kwa muda: Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, vumbi na matone ya asidi yaliyorushwa juu yalikinga mwanga wa jua na kushusha wastani wa joto kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili.

Akabaki mtuhumiwa wa mwisho, na huyu ameacha alama za vidole. Kaboni iliyo katika viumbe hai ina chembe kidogo za aina iitwayo kaboni 14, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hivyo hayana hata chembe. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi wameona kwamba hewa ukaa mpya inayoingia angani haina kaboni 14, yaani inatoka kwenye kitu cha kale sana. Kaboni ya bahari isingekuwa na alama hiyo. Ya volkeno ingekuwa nayo, ila volkeno hazipunguzi oksijeni. Na oksijeni ya hewani inapungua kidogo kidogo, kwa namna inayotarajiwa pale kitu kinapochomwa. (Usiogope: iliyopo inatutosha.)

Vipimo vya hewa ukaa yenyewe vilianzishwa na Charles Keeling mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, kiwango kikiwa karibu sehemu 315 katika milioni. Ukiitazama chati yake utaona meno kama ya msumeno: kila mwaka kiwango hushuka mimea ya kaskazini mwa dunia inapochipua na kuivuta hewa ukaa, kisha hupanda majani yanapopukutika na kuoza. Lakini kila jino liko juu kuliko lililotangulia. Viputo vya hewa ya kale vilivyofungiwa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba katika miaka 800,000 kiwango hakikuwahi kupita sehemu 300 hivi. Ndiyo maana Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988 na lenye desturi ya kuandika kwa tahadhari kubwa, lilisema katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba hakuna shaka kuwa binadamu wameipasha joto dunia.

Je, pumzi zetu nazo? Tuko watu zaidi ya bilioni nane.

Hapana. Kaboni unayoitoa puani ilitoka kwenye chakula, na chakula kiliivuta kutoka hewani miezi michache tu iliyopita. Ni deni linalorudishwa.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Naomba kujua gesi hizi hasa zinatoka wapi, na je, ni kweli kwamba lita moja ya petroli hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa? Baba anasema haiwezekani kwa sababu lita yenyewe haifiki kilo.

Marahaba, mwanangu. Baba yako yuko sahihi kuhusu uzito na wewe uko sahihi kuhusu hewa ukaa. Lita ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, nyingi yake ikiwa kaboni. Inapoungua, kila atomi ya kaboni hushikana na atomi mbili za oksijeni, na oksijeni hiyo haikuwa kwenye tangi. Injini imeivuta kutoka hewani. Kwa vipimo vya kemia, kaboni ya gramu 12 hubeba oksijeni ya gramu 32. Ndivyo lita moja inavyofikia kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Mwonyeshe baba hesabu hiyo.

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia ndivyo vyanzo vikubwa kuliko vyote. Vikijumlishwa na saruji hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa mwaka. Saruji inatajwa kando kwa sababu, mbali na kuni au makaa ya tanuri, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Ukataji na uchomaji wa misitu huongeza sehemu yake. Methani, gesijoto nyingine, hutoka kwenye matumbo ya ng'ombe (kwa mbweu zaidi kuliko njia ile nyingine wanayoichekea wanafunzi), kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, kwenye majalala, na kwenye visima na mabomba ya gesi yanayovuja. Kiwango chake hewani kimezidi maradufu tangu enzi ya viwanda ianze. Oksidi ya naitrojeni hutoka hasa kwenye mbolea, na kilo yake moja hupasha joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka mia.

Tuseme leo hii dunia nzima ingeacha kuchoma mafuta na makaa. Joto lingeshuka?

Lingeacha kupanda, kwa kiasi kikubwa, lakini lisingeshuka upesi. Methani huvunjika hewani kwa takriban miaka 12, hivyo athari yake ingefifia ndani ya miongo michache. Hewa ukaa ni shauri jingine: bahari na mimea huchukua karibu nusu ya ile tunayoitoa, kisha mwendo hupungua, na kati ya asilimia 15 na 40 ya iliyoongezwa itakuwa bado hewani baada ya miaka 1,000. Bahari, ambayo imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada, ingeendelea kutanuka kwa karne nyingi kadiri joto hilo linavyozama kwenye vilindi vyake, na barafu za nchi kavu zingeendelea kuyeyuka. Kwa hiyo kipimo cha joto kingetulia katika uhai wa waliopo sasa, lakini usawa wa bahari ungeendelea kupanda mbele ya vitukuu wao.